Neno la Langoni

Nyumba ya Mwalimu,
Thornbeck.
Jumapili, 12 Mei 1957

Mpendwa ndugu yangu Clifford,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama, ambaye ameketi karibu na dirisha akinitazama ninavyoandika na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa baridi kimekuacha, na kazi hapo kiwandani Coventry inaendelea salama. Sisi huku hatujambo. Kondoo wamezaa vizuri, mvua imekuwa ya kiasi, na yule jogoo uliyemchukia bado yu hai, maana wabaya hawafi upesi. Ukuta wa malisho ya juu uliporomoka kwa theluji na haujainuliwa, kwa sababu aliyekuwa akiuinua kila mwaka hayupo.

Katika kadi yako ya Pasaka ulituuliza kama mazishi ya Baba yalikwenda vizuri, nami nikakujibu kwamba yalikwenda vizuri. Unatujua. Mtu wa bonde hili nyumba yake ikiungua yote atakwambia palikuwa na moshi kidogo. Leo nakuandikia jibu lenyewe, na ni refu, kwa hiyo nakuomba ukae chini, usilisome umesimama kwenye foleni ya basi.

Siku ile theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na njia zote zilikuwa tope. Kanisa lilijaa, Clifford. Nilifikiri watakuja majirani na wajenzi wenzake wa kuta, basi. Wakaja hata wa Keldside, wale ambao mashamba yao yamezama chini ya maji ya bwawa, waliokaa miaka yote bila kumpa Baba salamu kwa sababu alikubali kuujengea mji uliotaka maji yetu kuta za bwawa lile. Walikaa nyuma, kofia magotini, wakaimba kuliko sisi wa mbele. Wajenzi wakambeba mpaka kaburini. Mhubiri alikuwa yule kijana mpya, Bwana Pybus, aliyekuja Krismasi. Alisoma vizuri ingawa midomo ilimtetemeka kwa baridi.

Kisha mimi na Mama tukatangulia kama ilivyo ada, tukaenda kwenye ukumbi wa kanisa kuweka birika motoni. Mama alikuwa ameandaa kama kwa harusi. Paja zima la nguruwe alilichemsha yeye mwenyewe kwa siku mbili, hakutaka kusaidiwa, akisema Amos Iveson hatazikwa kwa mkate na jibini. Palikuwa na keki ya matunda, maandazi ya zabibu, na vikombe vyote vya kanisa vimepangwa mezani. Tukavaa aproni. Tukasimama.

Huna haja ya kuelezwa kwamba kwetu mtu haendi kwenye chai ya msiba kwa miguu yake tu. Lazima pale lango la makaburi mtu wa nyumba ile, au wa kumsemea, aseme, "Baadaye, ukumbini, nyote." Likisemwa hilo, hata adui wa marehemu hufuata akapewa kikombe. Lisiposemwa, rafiki wa utotoni atageuza njia aende kwake, kwa sababu huenda familia inataka kuwa peke yake, na nani kati yetu angethubutu kuuliza? Miaka hii karibu kila mara hulisema Mzee Wilf Sunter, fundi wa majeneza, kwa sauti yake ya kuuza ng'ombe. Sikugeuka nyuma kuhakikisha. Kwa nini ningegeuka?

Hakuja mtu, Clifford. Birika lilichemka, nikalitoa, likapoa, nikalirudisha. Nilifungua mlango nikaona barabara tupu na alama za miguu kwenye tope. Mama alikaa kwenye kiti karibu na paja lake la nguruwe, mikono juu ya aproni, akitazama mlango. Mwishowe akasema, "Hawajamsamehe," akavua aproni na kuikunja. Paja lile tulilila wawili siku baada ya siku, na halikuisha.

Tangu hapo Mama aliacha kwenda kanisani. Akaacha kwenda dukani, nikawa ninanunua mimi. Akipita mtu barabarani yeye huvuta pazia. Nao watu wakawa wanapita wameinamisha macho, jambo lililonithibitishia mimi pia kwamba kweli hawakumsamehe. Mwezi wa tatu akaniambia amemwandikia Mama Mdogo Edie wa Morecambe, kwamba nyumba ya Baba iuzwe na yeye akakae huko ufukweni na dada yake mpaka afe. Mama, ambaye alilala nje ya bonde hili usiku mmoja tu maishani mwake akarudi anasema maji ya huko yana ladha ya bati! Nilimwomba angoje. Akaniambia hakuna cha kungoja, kwamba amekaa miaka mingi akitumaini watu hawa watamsamehe mumewe, na walipopata nafasi ya mwisho wakaitemea mate. Nilikuwa nikilia shuleni wakati watoto wako nje wanacheza, kisha nakwenda kuwafundisha hesabu macho mekundu.

Sasa sikiliza lililotokea wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nawafundisha wadogo maneno ya kupanga habari: kwanza, kisha, halafu, baadaye. Niliwaambia kwamba "kisha" humkanyaga kisigino aliyetangulia, lakini "baadaye" ni neno lenye subira, huacha nafasi ya kupumua, na haliwezi kufungua hadithi kwa sababu lazima kitu kiwe kimekwisha ndipo lipate pa kusimama. Nikawataka kila mmoja atoe sentensi. Mtoto wa mchinjaji akasema alikula mayai matatu na baadaye akatapika kwenye kofia ya babu yake, na darasa likaharibika kwa muda. Akainuka Doreen, binti wa Nora Coates, akasema: "Mzee Iveson alipozikwa hapakuwa na baadaye."

Nilikuwa mwalimu kabla sijawa mfiwa, nikamsahihisha. Nilimwambia baadaye si kitu ambacho huwapo au hukosekana, ni neno la kuonyesha wakati. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyevaa viatu kinyume.

"Ni kitu, Mwalimu," akasema. "Mama alivaa kofia yake mpya kwa ajili hiyo, halafu tukarudi nyumbani."

Nilifunga shule mapema, Mungu na mkaguzi wanisamehe, nikaenda moja kwa moja kwa Nora. Unakumbuka kwamba shamba la mumewe, Tot Coates, ndilo lililozama la kwanza, na kwamba Tot tangu hapo anabeba mizigo ya watu kituoni. Nora aliponiona mlangoni alianza kufuta kiti kilichokuwa safi. Nikamuuliza bila salamu kwa nini hawakuja kunywa chai ya Baba.

"Tuje vipi, mwenzangu?" akasema. "Tulisimama pale langoni kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Mvua ya theluji hiyo inatupiga. Kila mtu anamtazama Wilf, Wilf anatazama viatu vyake. Yule mhubiri mtoto naye anatutazama sisi. Nikasema moyoni, haya, Nora, umevuna ulichopanda. Tulimnyima Amos salamu akiwa hai, leo tunataka nyama yake? Mama yako hataki kutuona, na ana haki."

Akaniambia kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, walikaa mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo wakaanza kutawanyika mmoja mmoja bila kuagana. Na akaniambia kwamba tangu siku ile nyumba za Keldside zinaona haya kutupitia, kwa sababu wanajua sisi ndio hatukuwasamehe wao. Nilicheka, Clifford. Nilicheka mpaka nikalia, na Nora akalia pia, akanipiga begani na kitambaa cha vyombo akisema sisi sote ni wapumbavu na tunastahili kuzamishwa na bwawa sisi tuliobaki.

Lakini nikataka kujua nani alilisahau neno. Nilipita kwa Mzee Wilf, nikamkuta karakanani akipiga randa ubao. Nilimwuliza kwa heshima, ingawa sikuwa na heshima nyingi wakati ule. Hakuacha kupiga randa. Alisema yeye amezika watu wa bonde hili tangu vita ile ya kwanza na hajasahau neno hata mara moja. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza, na Bwana Pybus aliambiwa vilevile. Nikamuuliza nani aliwaambia. "Nenda nyumbani, binti," akasema. "Nenda kamuulize anayekula nawe."

Nilimkuta Mama akimenya viazi. Nilimweleza yote, kwamba watu walikuwa wanangoja, kwamba Keldside nzima ilisimama kwenye theluji kwa ajili ya Baba, nikitarajia ataruka kwa furaha. Hakuinua macho. Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kidogo kama jicho la ndege.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyewafunga midomo."

Nikaketi. Ndipo akanieleza, na haya ndiyo niliyokusudia kukuandikia tangu mwanzo, mengine yote ni njia ya kufika hapa. Alisema neno la langoni si la fundi wa majeneza wala la mhubiri. Ni la mwana mkubwa. Baba alilisema alipomzika Babu, na Babu kwa baba yake. Wilf huazimwa tu na nyumba zisizo na mwana. Na nyumba hii ina mwana. Unakumbuka ulivyoondoka, umechoka kuitwa kila siku mtoto wa mzamisha watu, ukamwambia Baba mbele ya nusu ya kijiji kwamba utarudi siku ya kumzika. Wote tuliosikia tulilichukua kama tusi. Mama anasema Baba hakulichukua hivyo. Alipokuwa akiumwa mwaka huu alikuwa akisema, "Cliff atakuja siku yangu. Alisema mwenyewe." Kwa Baba ilikuwa ahadi, akaibeba miaka yote bila kuniambia mimi. Na simu yako ya maandishi ilipofika yenye lile neno moja, Naja, Mama aliiweka kifuani kwa Baba, naye Baba akazikwa nayo.

"Sasa mimi nimpe Wilf neno lake," Mama akasema, "halafu mwanangu afike akute limeshasemwa? Aingie pale kama mgeni?"

Nikamuuliza kwa nini basi miezi hii yote aliliachia bonde lawama. Aliweka kisu chini.

"Ulitaka niseme nini, Hester? Niwaambie mwanangu hakuja kumzika baba yake? Bora wao waonekane wabaya. Wao si wanangu."

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo watu wanavyosema. Mama alikataa msemo huo. Wewe hukuwapo, naye akalilinda lako mpaka akabaki hana jirani. Alikuwa tayari kuuza nyumba na kwenda kunywa maji ya bati maisha yake yote yaliyobaki, mradi asisikie mtu akisema jina lako kwa kukulaumu. Anaamini kwamba theluji ilizuia treni. Ananiambia mimi hivyo karibu kila siku, kwamba reli za kusini hufungwa kwa theluji kidogo tu, na mimi huitikia.

Mama ameingia jikoni kutazama mkate, kwa hiyo haya yanayofuata nayaandika haraka.

Treni haikuzuiwa, Clifford. Ninajua kwa sababu jioni ile ya kwa Nora, Tot alinisindikiza hadi barabarani, akavua kofia ya kazi akawa anaizungusha mikononi. Akaniambia jambo ambalo hajamwambia hata mkewe. Alisema treni ya asubuhi ilifika kwa wakati wake, na wewe ulishuka. Ulikuwa na suti nyeusi na viatu vipya. Yeye alikuwa anafunga ofisi ili aje mazishini, akakuambia mfuatane, ukamwambia atangulie, unakuja sasa hivi. Akakumiminia chai akakuacha kwenye benchi karibu na jiko la makaa. "Hata nilipokuwa langoni na wenzangu," Tot akaniambia, "wao walikuwa wanamtazama Wilf, lakini mimi nilikuwa naitazama njia ya kituoni. Nilisema Cliff anakuja, sasa hivi tutamwona pale kwenye kona." Aliporudi kazini jioni hukuwapo. Kikombe kilikuwa benchini, kimejaa hadi mdomoni.

Nilikasirika, sitakuficha. Kutoka kituoni hadi kanisani ni mteremko mtupu, hata pipa tupu lingefika. Nilikuchukia kwa siku nzima na nikaandika barua nyingine kabla ya hii, ambayo nimeichoma moto. Kisha nikakuona moyoni umeketi pale na viatu vyako vipya. Na milango ya kanisa ilikuwa wazi kwa wingi wa watu, kwa hiyo bila shaka ulisikia wimbo, ukasikia umekwisha. Nikafikiri labda nawe ulikuwa unangoja mtu aje akuambie kwamba unakaribishwa. Ulilelewa na sisi. Ungejuaje kuingia bila kuambiwa? Sikuulizi kitu, na Mama simwambii. Tot naye amesema mdomo wake ni mali ya kampuni ya reli.

Lililobaki ni hili. Jumamosi ya Pentekoste, saa nane mchana, tutasimamisha jiwe la kaburi la Baba. Mama ameacha habari za Morecambe, Jumapili iliyopita alikwenda kanisani akiwa ameshika mkono wa Nora, na watu walimpisha njia kama malkia, jambo lililomkera. Ametaka siku hiyo iwe na sala na chai kamili, ingawa si desturi yetu kulifanyia jiwe karamu. Jiwe lenyewe amelitoa Tot. Ni kizingiti cha mlango wa nyumba yao iliyozama; kumbe Baba alikataa kukiingiza kwenye kuta za bwawa, akakificha nyuma ya banda letu chini ya magunia mpaka alipokufa. Tot alipokiona alikaa juu yake muda mrefu. Akasema tu kwamba Amos angeweza kumwambia.

Mama amekwisha kwenda kwa Mzee Wilf na kwa Bwana Pybus, na amewaambia tena wanyamaze.

Safari hii mimi sitatangulia jikoni. Nora ataweka birika pamoja na Mama, nami nitabaki langoni. Mhubiri akifunga kitabu nitawaacha watu wasimame, nitawaacha watazamane, nitangoja kadiri nitakavyoweza. Njia ya kituoni ikibaki tupu, nitalisema mimi, kwa sauti ya darasani, na watu wote watakuja na kula na kumsifu Baba kwa mara ya kwanza mbele ya mjane wake. Hilo nimeliapia. Hawataachwa tena kwenye baridi. Lakini dirisha la jiko la ukumbi hufunguka upande wa makaburi, Clifford, nawe unajua sauti yangu inavyofika mbali. Mama atakuwa pale na kitambaa mkononi. Atasikia neno limesemwa na atasikia limesemwa na nani. Nisingependa iwe mimi.

Nisalimie mama mwenye nyumba wako, umwambie zile soksi alizotutumia zimevaliwa. Doreen anasema nikusalimie ingawa hakujui. Mzee Wilf anakusalimu kwa kuguna, ambayo kwake ni salamu kubwa.

Mama amerudi na ananiuliza tena nimefika wapi. Nimemwambia nimefika mwisho. Anasema nikuandikie kwamba paja limekwisha kuagizwa, na kwamba ulete koti zito, hata kama ni mwezi wa sita, kwa maana pale langoni pana upepo.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Hester